Kompyuta Ikigoma, Ipime Kabla ya Kuitupa

Mwaka 2011 kompyuta yetu ya nyumbani iligoma usiku, tena usiku ambao ilihitajiwa kuliko siku zote. Binti yetu alikuwa amebakiza kurasa chache tu kumaliza ripoti yake ya chuo. Ndani ya mashine hiyo hiyo zilikuwamo hesabu za cherehani za mama yake, yaani majina ya wateja, vipimo vyao na madeni, pamoja na picha za marehemu babu ambazo hazikuwa na nakala mahali pengine popote. Kioo kiligeuka buluu, yakatokea maandishi meupe, kisha mashine ikawa inajizima na kujiwasha yenyewe kama mtu aliyeshikwa na kwikwi.

Kesho yake niliibeba kwa fundi. Aliitazama kwa muda usiozidi dakika tano, akatikisa kichwa, akasema kwamba diski kuu imekufa na vyote vilivyomo vimekufa nayo. Heri tununue kompyuta nyingine. Nikarudi nayo nyumbani, moyo mzito. Mama watoto hakuililia mashine. Alililia daftari lake la wadeni.

Jirani yetu mmoja, mfanyakazi wa kiwandani ambaye starehe yake ya Jumapili ni kufungua na kufunga kompyuta kuukuu, alisikia habari hizo akaja na kitu kimoja tu mkononi: CD.

"Shemeji," alimwambia mke wangu, "usianze matanga. Mgonjwa hajapimwa bado."

Aliitia ile CD, akaiamuru mashine ianzie hapo badala ya kuanzia katika diski kuu. Kwanza aliendesha kipimo cha kumbukumbu ya muda, ile ambayo mafundi huiita RAM. Haukupita muda mrefu, mistari myekundu ikaanza kujaa kiooni. Akazima, akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa mashine, akatoa kijibao kimoja cha kumbukumbu kati ya viwili vilivyokuwamo, akapima tena. Safari hii kipimo kilikwenda hadi mwisho pasipo kosa hata moja. Hapo ndipo alipouwasha mfumo mzima uliomo ndani ya CD, na mbele ya macho yetu yakajitokeza mafaili yote: ripoti, picha za babu, na daftari la wadeni. Diski kuu ilikuwa nzima. Tulinakili kila kitu, tukanunua kijibao kimoja, tukaingiza upya programu zilizokuwa zimeharibika, na mashine ile ikatutumikia miaka mingine minne.

CD YA KUWASHIA NI KITU GANI?

Yafaa kwanza tufahamu jinsi kompyuta inavyoamka. Umeme unapoingia, programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao mkuu huamka kabla ya nyingine zote. Hiyo hukagua vyombo vilivyopo, kisha hutazama orodha ya mahali pa kuanzia na kumwita msimamizi wa kazi, yaani mfumo endeshi. Kwa desturi msimamizi huyu hukaa ndani ya diski kuu. Diski ikiharibika, au mafaili yake yakivurugika, msimamizi haji, na mwenye kompyuta hudhani kwamba mashine nzima imekufa.

CD ya kuwashia humleta msimamizi wa zamu kutoka nje. Mfumo wote husomwa kutoka katika CD hiyo, na kazi zake za muda huwekwa katika RAM. Mfumo kama huo, ukitengenezwa vema, hauandiki neno katika diski kuu mpaka mtumiaji mwenyewe auamuru. Ukizima mashine na kuitoa CD, diski kuu hubaki kama ilivyokuwa.

Faida yake kwa mwenye kupenda kujua vyombo ni kubwa. Ikiwa mashine iliyogoma inakwenda vizuri kwa CD, basi aghalabu kiwiliwili chake ni kizima, na kasoro imo katika programu au katika diski kuu. Ikiwa inagoma hata kwa CD iliyo nzima, basi tuanze kuutafuta ugonjwa katika vyombo vyenyewe.

ILIKOTOKA

Njia ya kuiwasha kompyuta kwa CD iliwekewa kanuni mwaka 1995 na makampuni mawili ya Marekani, Phoenix Technologies na IBM. Lakini aliyeieneza CD yenye mfumo kamili wa kufanyia kazi ni mhandisi wa Kijerumani, Klaus Knopper. Mwaka 2000 alitoa mfumo aliouita Knoppix, uliojengwa juu ya Debian, kazi ya watu wanaojitolea iliyoanzishwa mwaka 1993. Knopper alitaka zana zake apate kuzitumia katika kompyuta yoyote atakayoikuta. CD huchukua megabaiti 700 tu. Kwa kuzibana programu, naye aliweza kuingiza humo zenye ukubwa wa takriban gigabaiti mbili, nazo hufunguliwa kidogo kidogo kadiri zinavyohitajiwa. Vilevile alitengeneza sehemu inayosoma kwa sauti yaliyomo katika kioo, akaipa jina la mke wake, Adriane, ambaye ana upungufu wa kuona.

Mwaka 2004 ukafuata mfumo uitwao Ubuntu. Jina hilo limetoka katika lugha za kusini mwa Afrika, nalo ni ndugu wa neno letu "utu". Hadi mwaka 2011 CD zake zilikuwa zikitumwa kwa posta bila malipo kwa watu wa nchi mbalimbali waliozitaka. Siku hizi kompyuta nyingi hazina tena mahali pa kuingizia CD, na kazi ile ile hufanywa na flashi. Kwa mifumo mingi flashi ya gigabaiti nane inatosha, na programu zenyewe ni za bure.

VIPIMO VINNE

Cha kwanza ni kipimo cha RAM. Programu ya Memtest86+ huandika tarakimu katika kila chumba cha kumbukumbu, kisha huzisoma kuona kama zimebaki zilezile. Iache iende usiku kucha ikiwezekana. Hata kosa moja si la kupuuzwa, kwa kuwa kumbukumbu mbovu huweza kuharibu faili zuri unapolinakili.

Cha pili ni kipimo cha diski kuu. Diski hujiwekea kumbukumbu za afya yake kwa utaratibu uitwao SMART, na programu iitwayo smartctl huzisoma. Angalia idadi ya sehemu zilizohamishwa kwa ubovu na zile zinazongoja kuhamishwa. Tarakimu hizo zikiwa zinaongezeka wiki hadi wiki, diski inaaga. Ikiwa inatoa mlio wa kugongagonga, usiendelee kuipima. Izime, kwani kila dakika inayozunguka huenda ikakuongezea hasara.

Cha tatu ni joto. Ifanyize mashine kazi nzito kwa dakika kumi huku ukitazama kipimajoto chake cha ndani. Ikizima ghafla joto linapopanda, mara nyingi dawa ni kusafisha vumbi katika feni na kubadilisha mafuta mazito yaliyokauka juu ya prosesa.

Cha nne ni orodha ya vyombo. Amri iitwayo lshw hukuonyesha aina ya prosesa, ukubwa wa RAM, diski na vinginevyo, bila kutegemea karatasi iliyobandikwa juu ya mashine.

KWA MNUNUZI WA MTUMBA

Kipimo hicho cha nne ndicho ngao ya mzazi anayekwenda Kariakoo kumtafutia mwanawe kompyuta iliyokwisha kutumika. Mwombe muuzaji kwa adabu akuruhusu kuiwasha kwa flashi yako. Tazama kama vyombo vilivyotajwa vimo, jaribu kibodi yote, sauti, kamera na intaneti, kisha soma afya ya diski. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Akikataa katakata, umekwisha kupata jibu bila kutoa hata senti.

Jambo hili limezidi kuwa na maana tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mashine nyingi zilizo nzima hazikubaliwi rasmi na Windows 11, na wenyewe huambiwa wanunue mpya. Kabla ya kuitoa mashine ya namna hiyo kwa bei ya chuma chakavu, iwashe kwa flashi yenye Linux. Ikicheza sauti, ikafungua barua na kuandika insha ya mtoto, bado ina miaka ya kazi mbele yake.

TAHADHARI

Mfumo huo unapowaka huonyesha kitufe cha kuuingiza moja kwa moja katika kompyuta. Usikibonye hivi hivi, maana ukikosea huweza kufuta diski nzima. Fahamu pia kwamba mtu mwenye flashi kama hii anaweza kusoma mafaili yako bila kujua neno lako la siri, isipokuwa kama diski yako imefungwa kwa msimbo. Na ikiwa imefungwa hivyo, hata wewe utahitaji ufunguo wake, basi uuandike na kuuhifadhi pahali salama. Mwisho, pakua mfumo kutoka kwa watengenezaji wenyewe, wala usiuchukue kwa mpita njia.

Sisemi haya kumdharau fundi. Wako mafundi hodari, nao ndio wa kwanza kufurahi mteja anapofika na kueleza, "Nimepima, RAM ina makosa, diski ni nzima." Mteja wa namna hiyo hapotezi muda wa fundi, wala fundi hapotezi fedha zake.

Basi, ndugu msomaji, flashi hiyo iandaliwe jioni ya leo, wakati kompyuta ya nyumbani ingali nzima, ijaribiwe, kisha iwekwe kabatini pamoja na kadi za kliniki na vyeti vya watoto. Mashine iliyokwisha kugoma haiwezi kujitengenezea dawa yake yenyewe.