Posho Inakwama Wapi?

Kwa wakazi wa Jinja, ukitaja Nalufenya wanafikiria hospitali ya watoto. Babu asiyeweza kumeza hupelekwa hospitali kuu ya rufaa, au ya Mbale kama anatoka Bugisu, na mara nyingi hufika amechelewa, baada ya kuambiwa ni vidonda vya tumbo au ni uzee tu. Uzee hupunguza kasi ya misuli ya koo, lakini hauzibi njia ya chakula.

Daktari mvumilivu huanza na mlo.

“Mzee, posho inakwama?”

“Inakwama.”

“Na chai?”

“Chai inapita.”

Hapo kuna kitu kinachobana umio: huanza posho (yaani ugali) na nyama, yakafuata matoke, mwishowe hata uji. Kama chai nayo ilikataa tangu mwanzo, shaka huangukia mwendo wa umio, pengine mlango wake wa chini haulegei. Anayepaliwa na maji, au chai ikamrudi puani, shida yake iko juu, kooni, na chanzo mara nyingi ni kiharusi au ugonjwa wa Parkinson.

Ukimuuliza inakwama wapi akaonyesha kifuani, mwamini. Akionyesha shingoni, usiridhike: uvimbe ulio chini kabisa unaweza kuhisiwa kooni.

Mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi kusini, saratani ya umio imekithiri. Magharibi mwa bara ni nadra. Tumbaku na pombe zina hatia, na tangu 2016 vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vinahesabiwa miongoni mwa vinavyoelekea kusababisha saratani. (Pombe ya malwa inayoongezwa maji ya moto chunguni na kunyonywa kwa mirija siigombezi, ila mimi ningengoja ipoe.) Kwa hiyo mzee ambaye posho inamkwama na nguo zinampwaya asipewe omeprazo kwa kubahatisha. Apapaswe tezi juu ya mtulinga wa kushoto, apitishiwe endoskopia, kikatwe kinyama cha kupimwa. Picha ya bariamu husaidia pale endoskopia iko mbali, japo uvimbe uliojificha huweza kuiga sura ya mlango usiolegea.

Lakini kinywa kifunuliwe kwanza. Utando mweupe, hasa kwa mwenye VVU, huashiria fangasi. Na dawa ziulizwe: kidonge cha doksisaiklini kilichomezwa kwa funda moja la maji wakati wa kulala huunguza umio, na kumeza kukauma ghafla. Huyo huachishwa kidonge, na kwa kawaida hupona bila endoskopia.