Sato wa Jana Yuko Wapi?

Paukwa! Pakawa!

Haya wajukuu, sogeeni. Yule sato wa soko la Mwaloni Kirumba mliyemla jana na ugali, leo yuko wapi? Nyama yake imewajenga misuli, sawa. Lakini mwili ukishaitumia hubaki taka, na ini huzigeuza kuwa yurea na kuimwaga kwenye damu. Ikirundikana humo, mtu atachefukwa, atatapika, na mwisho hata akili itavurugika.

Wa kuitoa ni figo zenu mbili, saizi ya ngumi, zilizojibanza mgongoni chini ya mbavu. Kila moja ina vichujio vidogo kama milioni moja. Ni nyavu za dagaa hizo: chembe za damu na protini kubwa hunaswa, maji na vitu vidogo hupenya. Kwa siku moja hupenya lita kama 180!

Mbona basi hamkojoi pipa? Hapo ndipo figo inaponistaajabisha. Kwanza inamwaga karibu kila kilicho kidogo, kibaya na kizuri, halafu inapita ikiokota: sukari yote, karibu maji yote, chumvi kwa kipimo. Lita moja au mbili zinazosalia, pamoja na yurea, ndizo mkojo.

Figo zikifeli, na presha na kisukari huzimaliza kimyakimya, mgonjwa hupanda kilima cha Bugando kwenda hospitalini kusafishwa damu. Mkononi mwake daktari ameunga mishipa miwili ya damu, ateri na vena. Ukigusa pale utasikia ngozi ikitetema. Huchomwa sindano mbili, moja ya kutoa damu na moja ya kuirudisha. Katikati kuna kichujio cha plastiki chenye maelfu ya vimrija vyembamba. Damu hupita ndani ya vimrija hivyo, maji maalumu hupita nje yake, kila kimoja kikienda upande wake.

Ila mashine haijui kuokota. Wataalamu wakafanya ujanja kwenye maji. Vitu huhama kutoka vilipo vingi kwenda vilipo haba. Maji yale hayana yurea hata chembe, basi yurea inavuka. Sodiamu imetiwa karibu sawa na iliyomo kwenye damu, basi haina haja ya kuhama. Maji yaliyozidi mwilini huvutwa kwa mgandamizo.

Kwa saa nne hutumika lita 120 hivi za maji hayo maalumu, na maji ya ziwa yaliyovutwa Capri Point na kutibiwa bado hayafai: lazima yasafishwe upya, kwa sababu tumbo huvumilia mengi ambayo damu haiyavumilii.

Aliyeunda mashine ya kwanza iliyofaa kazi hii ni daktari Mholanzi, Willem Kolff, mwaka 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa selofani ya kufungia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 akapona mama wa miaka 67.

Figo hazilali, mashine ni mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo mgonjwa hupima maji kwa kikombe, na ndizi anakula kwa hesabu, maana potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huwa mwangalifu zaidi Jumamosi na Jumapili, siku mbili mfululizo bila mashine.