Gunia la kilo 50 na mgongo wa mpakiaji

ABIRIA anayefika uwanja wa ndege na sanduku la zaidi ya kilo 32 huambiwa alipunguze. Kikomo hicho, kinachofuatwa na mashirika mengi ya ndege, huilinda migongo ya wanaoinua mizigo hiyo.

Mjini Mumias, palipoanza kusagwa miwa kiwandani mwaka wa 1973, gunia la kawaida la sukari lina kilo 50. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la 1967 liliruhusu hadi kilo 55 kwa mwanamume. Gunia hilo basi hupita, ingawa kwa shida.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo unaoweza kumjeruhi. Hatari si uzani pekee, bali kuinama na kujipinda papo hapo, mzigo ukiwa mbali na kiwiliwili. Jukwaa lililo sawa na kimo cha lori, au wabebaji wawili, hupunguza madhara hayo kwa gharama ndogo.

Mfanyakazi asiporipoti ajali kwa mwajiri ndani ya miezi 12, haki ya fidia hupotea. Maumivu ya mgongo, kwa bahati mbaya, huja polepole.