Beni: Saa ya babu ina thamani, lakini usiikwangue

Familia inapolazimika kukimbia usiku, saa ya mkono ya marehemu babu huweza kuingia mfukoni pamoja na vyeti na simu. Katika tarafa ya Bungulu, mjini Beni, eneo lililoshuhudia mauaji ya raia tangu Oktoba 2014, kitu kidogo cha namna hiyo kinaweza kuwa urithi pekee uliobaki, na pia kitu cha kwanza kuuzwa njaa inapobisha hodi. Asiyejua umri wa saa yake huiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Miongoni mwa saa zinazotafutwa ni za otomatiki za mwanzo, yaani zile zinazojijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono. Mwingereza John Harwood alipewa hataza ya saa hiyo nchini Uswisi mwaka 1924, na zikaanza kuuzwa miaka michache baadaye. Kampuni yake ilianguka mwaka 1931, katika mdororo mkubwa wa uchumi, na ndiyo sababu saa zake ni adimu leo.

Saa ya Harwood hutambulika kwa urahisi: haina kitufe cha pembeni cha kutia ufunguo. Mishale hurekebishwa kwa kuzungusha pete iliyo kandokando ya kioo.

Kwa saa nyingine, dalili ya kwanza iko sikioni. Itikise polepole. Ukisikia kitu kikigonga huku na huku, ndani yake mna uzito usiozunguka duara zima, bali hugonga springi na kurudi. Ndivyo zilivyokuwa otomatiki nyingi hadi miaka ya 1940. Rolex ilileta uzito unaozunguka duara zima mwaka 1931, na mwaka 1948 Eterna ikauweka juu ya gololi ndogo ili uzunguke kwa wepesi.

Dalili ya pili ni namba. Kwenye Seiko nyingi za miaka ya 1960 na 1970, tarakimu ya kwanza ya namba iliyo mgongoni ni ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi. Namba inayoanza na 73 ni Machi 1967 au Machi 1977. Muundo wa saa ndio utakaoamua. Tena, fungua kifuniko utazame upande wa ndani: mafundi wa zamani walizoea kukwaruza humo tarehe ya matengenezo. Saa haiwezi kuwa changa kuliko tarehe hiyo.

Dalili ya tatu ndiyo yenye hatari. Namba na mishale ya saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 ilipakwa rangi yenye radiamu ili ing'ae gizani. Baadaye viwanda vilihamia tritiamu, na herufi T karibu na namba 6 mara nyingi ndiyo alama yake.

Hapa historia ya saa inagusa udongo wa Kongo. Madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe, Katanga, mwaka 1915. Kuanzia mwaka 1922 kampuni ya Union Minière iliyachenjua huko Olen, Ubelgiji, na kwa karibu miaka 10 Ubelgiji ikatawala soko la radiamu duniani. Saa za Harwood ziliuzwa katika miaka hiyohiyo. Rangi iliyong'aa kwenye mikono ya Wazungu huenda ilitoka kwa jasho la wachimbaji Wakongomani.

Rangi hiyo huacha kung'aa baada ya miaka kadhaa, lakini radiamu yenyewe hupungua nusu baada ya miaka 1,600 hivi. Fundi anayeikwangua uso wa saa mezani pake, kisha akapuliza vumbi kwa mdomo, anaweza kuvuta radiamu hadi mapafuni. Saa ikiwa imefungwa vizuri na kioo chake hakijapasuka, vumbi hilo hubaki ndani.

Kumbe tahadhari inayolinda mapafu ya fundi ndiyo hiyohiyo inayolinda bei. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa uso wa asili, hata ukiwa na madoa, kuliko uliopakwa rangi upya. Kabla ya kuuza, piga picha ya uso, ya mgongo na ya namba zote, kisha linganisha bei za wanunuzi zaidi ya mmoja. Atakayetaka kuisafisha kwanza, mwambie aiache ilivyo.