Bwawa Dogo la Maji Moto Uani: Hesabu Itangulie Jembe

Mkazi anayekusudia kujenga uani bwawa dogo la maji moto la kujipumzishia, iwe nyumbani au katika nyumba ya kulala wageni, huanza kwa kuuliza bei ya kuchimba na kujenga. Swali hilo ni sehemu tu ya hesabu. Fedha zikiisha katikati ya kazi, kinachobaki si bwawa bali shimo, nalo masika yakifika hujaa maji, huzalisha mbu na kuhatarisha maisha ya watoto.

Hatua ya kwanza ni kibali. Bwawa la kudumu ni ujenzi kama ujenzi mwingine. Michoro iwasilishwe halmashauri kabla ya kuchimba. Ioneshe umbali kutoka msingi wa nyumba, mpaka wa jirani na shimo la maji taka, pamoja na mahali maji yaliyotumika yatakapoelekezwa.

Hatua ya pili ni vipimo. Bwawa la mita 2 kwa mita 2, lenye kina cha maji cha sentimita 90, hubeba lita 3,600, yaani uzito wa tani 3.6 kabla ya mtu yeyote kuingia. Ndiyo sababu sakafu yake huhitaji zege lenye nondo juu ya ardhi iliyoshindiliwa vema. Kabla ya kubandika vigae, lijazwe maji, usawa wake uwekewe alama, kisha liachwe kwa siku mbili. Ufa ukigundulika wakati huo, kuuziba ni gharama ndogo.

Hatua ya tatu ni matumizi ya kila mwezi. Kupasha lita hizo 3,600 kutoka nyuzi joto 25 hadi 38 huhitaji takribani uniti 54 za umeme, bila kuhesabu joto linalopotea hewani. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya uniti unayolipa, kisha kwa idadi ya mara utakazopasha maji kwa mwezi. Mfuniko mzito hupunguza upotevu huo, na mitambo ya jua hupunguza ununuzi wa umeme. Ongeza gharama ya maji, dawa ya klorini na usafishaji wa chujio.

Hatua ya nne ni usalama, ambao haufai kupunguzwa ili kubana matumizi. Umeme ufungwe na fundi mwenye leseni, pamoja na waya wa ardhini na swichi inayokata umeme mara unapovuja. Bwawa lizungushiwe uzio wenye lango la kufungwa, kwa kuwa mtoto mdogo aweza kuzama hata katika maji machache. Joto la maji lisizidi nyuzi 40. Wajawazito na wagonjwa wa moyo wapate kwanza ushauri wa daktari.

Andika basi mafungu haya: ujenzi, pampu na mabomba, umeme, uzio na mfuniko, kisha akiba ya asilimia 10 hadi 15 kwa dharura. Kando yake andika gharama za mwezi. Jumla ikizidi uwezo wako, punguza ukubwa wa bwawa au ahirisha kazi. Ua usiochimbwa hauna hasara. Shimo lililotelekezwa ni hatari kwa mtaa mzima.