Wachache Waliosalia

Jumapili moja baada ya ibada mzee wa kanisa aliniuliza hivi: "Kasisi, Nuhu aliingiza safinani dume na jike, na dunia ikajaa tena. Mbona leo tunaambiwa mnyama anaangamia hali wamesalia mamia?"

Swali hilo ni jema. Na tulijibu kwa habari za hirola.

Hirola ni swala wa rangi ya mchanga, mwenye mstari mweupe kati ya macho, mfano wa mtu aliyevaa miwani. Kwao ni nyika za Garissa, kuelekea mpaka wa Somalia. Katika miaka ya 1970 walikuwa maelfu mengi. Kisha ukaja ugonjwa wa sotoka, kati ya 1983 na 1985, wakafa kwa wingi. Leo wanakisiwa kuwa chini ya 500. Na jamaa yao ya karibu haipo tena popote duniani. Wakiisha hawa, ukoo wote umekwisha.

Sasa, uchache una hatari gani? Kwanza, msiba mmoja huweza kuwamaliza. Ukame unaoua mia katika elfu kumi huacha wengi. Ukiua mia katika mia na hamsini, huacha kilio. Pili, huenda mwaka mmoja wakazaliwa madume matupu. Tatu, ndugu huzaana na ndugu. Mfugaji yeyote anajua jambo hili: hamwachi fahali apande binti zake mwaka baada ya mwaka, bali hubadilishana fahali na jirani, kwa maana ndama huwa dhaifu na ng'ombe hukosa mimba. Hirola wachache hawana jirani wa kubadilishana naye.

Basi wanadamu wamefanya nini? Mwaka 1963, na tena 1996, baadhi yao walihamishiwa Tsavo Mashariki, ili msiba mmoja usiwakute wote mahali pamoja. Kisha wafugaji wa Kisomali wa Ishaqbini, ambao nao wanahitaji malisho, walitenga sehemu ya ardhi yao wenyewe. Mwaka 2012 hirola 48 walitiwa ndani ya uzio usiopitika na simba wala mbwa mwitu. Baada ya miaka michache walizidi mia moja.

Ndugu zangu, nina ungamo. Nilipokuwa mtoto nilikula nyama ya swala aliyenaswa kwa mtego wa waya, wala sikuuliza wamebaki wangapi. Nani kati yetu aliuliza?

Nilimwambia yule mzee asome tena Mwanzo, sura ya 7. Wanyama walio safi hawakuingia wawili tu. Waliingia saba saba. Na hirola, mwenye kwato zilizopasuka na kucheua, angekuwa miongoni mwao. Mzee akacheka, akasema, "Kumbe hata Nuhu aliweka akiba!"

Nasi tuweke akiba. Usitege waya. Usinunue nyama ya porini, hata ikiuzwa rahisi. Wafundishe watoto majina ya wanyama wa kwenu wangali hai. Mchungaji mwema huhesabu kundi kabla halijapotea, siyo baada yake.