Namna ya Kuandika Tangazo la Biashara Litakaloleta Wanunuzi

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Maneno hayo ni ya kweli, lakini wako wafanyi biashara wanaoyaelewa vibaya. Hudhani kwamba mwenye bidhaa njema hana haja ya kuitangaza. Sivyo. Kitu kizuri hujiuza kwa yule aliyekwisha kukiona. Asiyepata habari zake hawezi kukinunua. Kazi ya tangazo ni kumpelekea habari hizo mtu ambaye zitamfaa.

Katika Mombasa upande wa bara, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, kila njia ina vibao vya maduka, vya mafundi na vya wauza vyakula. Vingi vimeandikwa kwa rangi nzuri, na wengi wapitao mbele yake hawavisomi. Sababu yafaa kuelezwa, maana mtu aliyetoa akiba yake kununua ubao na kumlipa mwandishi, kisha asipate mnunuzi hata mmoja zaidi, fedha yake imepotea bure.

Maneno matupu na maneno yenye habari

Kwa mfano, fundi cherehani wa Kisauni aweza kuandika: "Fundi Hodari. Kazi Bora. Bei Nafuu." Huenda maneno hayo si ya uongo, lakini kila fundi huyasema. Mama mwenye watoto watatu wa kwenda shule akiyasoma, hajajua bado kama fundi huyu hushona sare, wala nguo zitakuwa tayari lini, wala zitamgharimu kiasi gani.

Sasa fundi huyo na aandike hivi: "Sare za shule hushonwa hapa. Leta kitambaa Jumatatu, chukua nguo Ijumaa." Chini yake aonyeshe bei ya kushona kaptura na bei ya kushona shati. Mama yule amekwisha kujibiwa maswali yake kabla ya kuuliza, naye ana sababu ya kuingia ndani. Katika tangazo la kwanza fundi alijisifu nafsi yake. Katika la pili aliifikiri shida ya mnunuzi. Hapo ndipo penye siri ya kazi hii.

Msomaji yuko wapi?

Kabla ya kuandika, mwenye duka na asimame mahali atakapopita msomaji. Mtu ateremkaye mbio kuiwahi feri ya Likoni hawezi kusoma maneno ishirini. Kwake yatosha maneno manne au matano, kwa herufi kubwa. Lakini mtu huyo huyo akiisha kusimama akingoja feri, ana nafasi ya kusoma zaidi, na kibao kilichowekwa hapo chaweza kumweleza mambo mengi.

Huko Changamwe, wafanya kazi wengi wa viwandani na bandarini hutoka majumbani alfajiri. Muuza chakula akiandika "Chakula kitamu" amesema machache. Akiandika "Chai na mahamri tayari saa kumi na moja alfajiri," amemwambia mfanya kazi kwamba hatakwenda kazini na njaa. Hali kadhalika, mchuuzi afikaye soko la Kongowea kununua vitunguu vya kuuza mtaani kwake hatafuti sifa za vitunguu. Hutaka kujua bei na kipimo, na vitunguu vilifika lini.

Mafunzo ya leso

Mfano mwema wa maneno yanayouza hauko mbali. Ng'ambo kisiwani, mfanyi biashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, hutajwa kuwa ndiye aliyeanza kutia maneno ya Kiswahili katika leso, mwanzoni mwa karne ya 20. Nyumba yake ya biashara ilianzishwa mwaka 1887, na alama yake, "K.H.E. Mali ya Abdulla," imejulikana pwani nzima. Maneno ya leso yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kwa herufi za Kirumi.

Leso mbili zaweza kuwa za pamba moja na bei moja, lakini mnunuzi husoma jina kabla ya kulipa. Atakapoivaa, au atakapompa mwenziwe zawadi, maneno yale yatakuwa kama yake mwenyewe. Kwa hiyo huwa machache, na ya lugha ambayo watu husema nyumbani. Tena, mwenye mali hakuogopa kutia alama yake karibu na maneno hayo. Ajuaye kwamba bidhaa yake ni njema hukubali kujulikana.

Tangazo ni ahadi

Fundi aliyeandika "chukua nguo Ijumaa" amejifunga. Mama akifika Ijumaa akakuta kitambaa hakijakatwa, kibao kile kimegeuka kuwa shahidi dhidi ya mwenyewe. Wala jambo hili halikuachiwa dhamiri ya muuzaji peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajiwa ili afaidi bidhaa anunuazo, tena yaagiza itungwe sheria ili matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya adabu.

Siku hizi matangazo husafiri kwa simu pamoja na picha, na habari huweza kufika Likoni, Kisauni na Changamwe kwa dakika moja. Kanuni ni zile zile, ila malalamiko nayo husafiri upesi vile vile. Mwenye duka la mtaani huwauzia majirani zake, watu anaokutana nao ferini, msikitini na kanisani. Akiwadanganya mara moja atapata fedha ya siku moja, lakini hata siku atakapoandika kweli, hawatamsadiki.

Basi mwenye kutaka kuandika tangazo na ajiulize mambo matatu: ni nani atakayelisoma, ana shida gani, nami naweza kumtimizia nini bila shaka? Akiisha kupata majibu, na ayaandike kwa maneno machache, kisha ayatimize. Ahadi ni deni.